Mzazi Mwenye Ndevu

Daktari aliyenipunguza tumbo alikuwa kijana mpole wa Dar es Salaam, mwenye miwani, na siku ya kunieleza atakachofanya alichora picha kwenye karatasi. Akasema tumbo langu la wakati ule lilikuwa gunia, na kwamba baada ya upasuaji lingebaki dogo, jembamba, kama ndizi. Nikamwuliza ndizi ya aina gani. Alidhani natania. Lakini mtu wa Machame ukimwambia ndizi tu bado hujamwambia kitu. Kuna mzuzu, unene wake mkono wa mtoto, kuna mshare, halafu kuna zile ndogo tamu unazozimeza mbili ukiwa unatafuta ya tatu. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilitoka pale nikiomba iwe mzuzu.

Sikuwa na unene wa kusifiwa. Kwetu upo huo, kitambi cha mtu aliyejenga na kusomesha, ila mimi nilipita hapo nikiwa bado kijana na nikaendelea mbele. Nina duka la vipuri vya pikipiki mjini Moshi, na madereva wengi wa bodaboda ni wateja wangu. Ilifika mahali nikitaka kupanda nyumbani Machame, wote wanakumbuka kwamba wana abiria anayewasubiri kwingine. Mmoja tu ndiye aliyekuwa mkweli. Alinitazama, akaitazama shokapu niliyomuuzia mwenyewe juzi yake, akatikisa kichwa. Sukari ilikuwa imepanda, magoti yamegoma, na usiku nilikuwa nakoroma halafu nakata pumzi, hadi mke wangu akawa halali kwa kunisikiliza. Yeye ndiye aliyemtafuta daktari. Mchango wangu ulikuwa woga.

Niliomba jambo moja tu, kwamba habari hiyo isitoke nje ya nyumba. Huku kwetu mtu akitoa hela ili apate kula, wanamwelewa. Akitoa hela ili asiweze kula, atakuwa hadithi ya soko zima la Kiboriloni, na mimi nina wateja Kiboriloni. Tukakubaliana kwamba watu wataambiwa nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, basi. Huo haukuwa uongo.

Baada ya kukatwa, mtu hunywa maji na supu iliyochujwa kwanza, kisha hula vitu vilivyosagwa, kisha vilaini, ndipo arudi kwenye chakula kigumu kama binadamu wengine. Ni safari ndefu na inahitaji askari. Mke wangu ni mwalimu mkuu, hakuweza kukaa nyumbani kunilinda, na jirani yetu wa mjini anachoma nyama kila jioni, tena moshi wake hauna adabu, unaingia bila hodi. Kwa hiyo nikapelekwa kwa mama, kihambani, kwenye migomba yake na ng'ombe wake wa maziwa.

Hapa sharti nimweleze jambo msomaji asiyetoka mlimani. Kwetu mwanamke aliyejifungua anaitwa mzazi, na mzazi hafanyi kazi. Anawekwa ndani kwenye joto, anaoshwa kwa maji ya moto, na wajibu wake ni kunywa mtori: ndizi zilizopikwa na nyama mpaka zikalainika kabisa, zikapondwa kwa mwiko zikawa uji mzito, na siagi juu. Siku akitoka nje, watu humtazama mtoto kidogo tu kwa heshima, kisha humkagua mzazi. Akiwa amenenepa na mashavu yanang'aa, sifa zote zinakwenda kwa aliyemlea. Akitoka amekonda, aliyemlea hana uso wa kwenda nao kanisani. Mama yangu alikuwa amelea mabinti zake, wake za wanawe, na wanawake wengi wa mtaa wetu, na hakuna hata mmoja aliyetoka akiwa anaweza kufunga zipu ya sketi aliyoingia nayo. Wengine mali yao ni kahawa. Ya mama yangu ilikuwa hiyo.

Mimi na mke wangu tulimkalisha sebuleni tukamweleza yote, taratibu, nami nikamwomba asimwambie mtu. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akauliza kama kile kipande kilichokatwa walikizika. Kisha akasema, "Sawa. Daktari amefanya kazi yake, na mimi nitafanya yangu."

Tulidhani ameelewa.

Nikawekwa ndani. Dirisha likafungwa, nikavishwa soksi, nikafunikwa blanketi la wazazi, lile la kahawia ambalo chini yake wamelala wajukuu wake wote walipokuwa wachanga. Asubuhi ya kwanza mama aliingia na maji ya kuoga, akayatua chini, akaniuliza kama maziwa yameanza kutoka. Ilikuwa mazoea ya mdomo. Alijisikia mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kitanda akacheka hadi akajifuta machozi kwa khanga, nami sikuweza kucheka kwa sababu ya kidonda. Binamu yangu wa Arusha alipiga simu kuuliza ni wa kike au wa kiume. Mzee mmoja wa jirani, ambaye nadhani habari ilimfikia vipande vipande, alileta jogoo.

Ulipofika wakati wa vitu vilivyosagwa, mtori uliruhusiwa, na mama alipokea ruhusa hiyo kama mtu aliyerudishiwa shamba. Maelekezo yalikuwa mtori mwepesi usio na mafuta, kijiko kidogo kidogo kwa kituo. Mama aliponda ndizi kwa uboho, akatia maziwa, akatia siagi, akafunika, akafunua, akaongeza siagi. Nililamba vijiko vichache tu. Jasho likanitoka, moyo ukaenda mbio, chumba kikaanza kuzunguka, nikalala nimeshika mbao za kitanda. Mama alifurahi sana. Alisema mtori umeingia kwenye damu.

Jumamosi mke wangu akapanda mlima. Walisimama jikoni wawili hao wakinijadili kwa adabu kubwa, mimi nikiwa nimekaa katikati yao, kana kwamba ni ndama. Mke wangu alisema, mama, daktari amekataza mafuta. Mama alisema, mwanangu, huyo daktari ana mama? Ikaisha kwa mapatano: mtori bila siagi, uliochujwa, kwenye kikombe cha mtoto. Mama aliupika huo mtori siku zote zilizofuata bila kukosa, na hakuuita mtori hata siku moja. Aliuita maji ya kuoshea sufuria.

Chakula changu cha kwanza kigumu kilikuwa yai la kuchemsha. Mke wangu alipiga simu mapema kutoa masharti: nusu tu, vipande vidogo, kitafunwe mpaka kiwe uji mdomoni, na nisinywe maji pamoja nacho. Mama alilileta kwenye sahani kubwa ya wageni, ile yenye maua, na nusu yai ilikaa katikati ya maua hayo kwa unyonge mkubwa. Yeye akakaa mbele yangu mikono mapajani. Nimekula mbuzi mzima na wenzangu bila kukumbuka ladha yake, lakini lile yai nalikumbuka mpaka leo. Nilikata kipande cha ukubwa wa harage, nikakitafuna mpaka mdomo ukachoka, nikakimeza, nikasubiri. Kikakaa. Nilitaka kulia, na sioni aibu kusema hivyo. Kabla sijafika nusu ya ile nusu, nikawa nimeshiba kabisa, hadi shingoni. Mama alichukua kilichobaki akampa paka, na paka akakimaliza kwa tonge moja, kisha wote wawili wakanitazama.

Baada ya hapo nikaanza kuvuka mito midogo midogo: samaki, parachichi, kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi. Na jinsi nilivyozidi kula chakula cha watu, ndivyo nilivyozidi kukonda. Suruali zikaanza kunitoka, saa ikawa inateremka hadi kiwiko. Nilikuwa natembea mpaka mferejini na kurudi bila kupumzika, magoti yamenyamaza, na kipimo cha sukari kilikuwa kinanifurahisha kila asubuhi. Nilijiona mtu mpya. Sikufikiri hata kidogo watu wengine wanaona nini.

Wakaja akina mama wa jumuiya kuniombea. Walikaa sebuleni na vitenge vyao, wakanitazama mashavu, wakatazamana. Sala waliyoniombea ilikuwa nzuri ila ilikuwa imeelekea upande wa kaburini. Waliomba nipokelewe. Wakaimba wimbo ambao mara ya mwisho niliusikia tukimzika baba. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Walipomaliza, mmoja wao, rafiki yake wa tangu kipaimara, akamshika mkono akamwambia kwa huruma kwamba uzee unatufikia sote, na kama siku hizi mwiko umekuwa mzito, yeye yuko tayari kuleta mtori kutoka kwake.

Mama akasema aika, asante, akawamiminia chai.

Jioni hiyo akaenda jikoni. Alitoa sufuria ya mtori nje, akaisugua kwa majivu, akaisuuza, akaisugua tena. Nilimwona dirishani na nikaelewa kilichokuwa kinatokea. Sentensi moja tu ingemtoa kwenye ile aibu: mwanangu ametumwa na daktari apungue. Hakuisema, kwa sababu mimi nilimwomba asiseme. Nilikuwa nalinda jina langu kwa jina lake. Jumapili iliyofuata alisema mguu unamuuma, hakwenda kanisani, na mguu wake haukuwa na tatizo lolote.

Basi ikaja sherehe ya kipaimara ya binti wa mdogo wangu, hapo hapo nyumbani. Turubai likafungwa uani, viti vikapangwa, mwendesha sherehe akaletwa kutoka mjini na maspika yake. Mama aliingia chumbani kwangu asubuhi, akanikabidhi shati.

"Leo utakula nyama," alisema. "Watu wakuone."

Daktari alikuwa ameshaniruhusu nyama laini, kidogo, polepole. Mama aliamka kabla ya jogoo akachemsha ya kwangu peke yake kwenye sufuria ndogo, hadi ikawa inaachana kwa kuguswa na kijiko. Mpango ulikuwa mzuri. Tulichosahau ni shangazi.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye msimamizi wa nyama katika ukoo wetu. Mbuzi akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe, na shangazi anajua kipande cha nani kiko wapi, na hakuna mtu amewahi kubishana naye akabaki na hamu ya kula. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ile. Alinijia na sahani yenye sehemu yangu, nyama ya kuchoma, na mfupa wake, na chumvi pembeni. Mama alijaribu kusogeza kile kibakuli cha nyama laini. Shangazi akakirudisha kwa kidole kimoja. Akasema kibakuli ni cha watoto na wasio na meno.

Nikakata kipande kidogo nikaanza kutafuna. Nilitafuna wakati wanatambulisha ndugu wa upande wa baba. Nilitafuna wakati wanatambulisha ndugu wa upande wa mama. Mzee wa kanisa alisimama akatoa nasaha kwa binti juu ya kuishika imani, akakaa, na mimi bado nilikuwa na ile ile. Meza yote ilikuwa inanitazama. Nikameza, ikakaa, nikamwona mama anashusha mabega, nikajaa kiburi nikakata kipande cha pili.

"Meza basi, baba," shangazi akasema. "Hiyo siyo bigijii."

Watu wakacheka, na mimi, mtu mzima mwenye duka, nikameza.

Aliyewahi kupitia haya anajua. Kitu kinasimama kifuani na hakiendi mbele wala nyuma. Mate yanajaa mdomoni, mengi, ya povu, na macho yanatoa machozi yenyewe. Niliinuka nikaenda nyuma ya migomba kwa mwendo ambao nilitaka uonekane wa kawaida. Huko nikamaliza shida yangu, nikaegemea mgomba. Kwenye maspika muziki ulikuwa umezimwa, kwa hiyo nadhani waliisikia sherehe yangu vizuri.

Niliporudi, turubai zima lilikuwa limegeukia meza yetu. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya mama yangu.

"Wifi," alisema, "huyu ulimpokea mzima, amejaa mlango. Lisemwalo lipo. Sema ulikuwa unamlisha nini, au sema anaumwa nini."

Mama alikuwa ameshika kile kibakuli. Alimtazama shangazi, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Mwanamke huyu aliyenenepesha mtaa mzima alikuwa anasimama mbele ya hao hao aliowanenepesha, na mdomo wake umefungwa kwa ajili yangu. Iliniuma kuliko nyama. Nikaenda kwa mwendesha sherehe nikamnyang'anya kipaza sauti.

Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi tayari nilikuwa mzazi wa kijiji kizima, sikuwa na cha kuficha. Nikawaambia yote. Kwamba siumwi ugonjwa wowote wanaoufikiria. Kwamba nilikuwa na sukari, na magoti, na usingizi wa kukata pumzi. Kwamba nilikwenda Dar es Salaam kwa hiari yangu nikakatwa tumbo ili nile kidogo, na kwamba mama yangu alijua, na alinyamaza kwa sababu nilimwomba.

Nikashusha kipaza sauti. Kisha mzee mmoja kutoka meza ya nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa vizuri, "Walikulipa, au ulilipa wewe?"

"Nililipa mimi."

Nimesikia watu wakicheka katika maisha yangu, lakini sio vile. Mwendesha sherehe aliinama akashika spika. Akina mama wa jumuiya walioniombea nipokelewe walikuwa wanapigana mabega. Binti wa kipaimara alifunika uso kwa shela. Nikasimama pale nikichekwa, nikagundua kwamba sioni vibaya hata kidogo.

Mama hakucheka. Alikiweka kibakuli mezani, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaja katikati ya uwanja. Akanishika bega, na mbele ya watu wote akanigeuza, taratibu, mbele na nyuma, vile anavyowageuza wazazi siku ya kuwatoa. Nikazunguka, mkono mmoja umeshika suruali isidondoke.

"Wifi, umesikia," alisema. "Sikuambiwa nimnenepeshe. Niliambiwa apungue. Mtazame sasa, useme kama sijui kazi yangu."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule rafiki yake wa mtori. Vingine vikafuata, na shangazi, ambaye ana mengi lakini hana kinyongo cha muda mrefu, akapiga cha kwake, kirefu kupita vyote. Kabla jua halijashuka, wanawake watatu wenye magoti mabovu walikuwa wamemvuta mama pembeni kuuliza habari za mtori wa kupunguza. Nilimsikia akiwaeleza kwa uzito mkubwa kwamba siri yake ni kutotia siagi. Alieleza kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, na mke wangu, aliyekuwa karibu, aliinamisha kichwa akaendelea kukusanya glasi.

Watu wakaanza kuondoka. Vijana walikuwa wanapanga viti, turubai linafunguliwa upande mmoja. Mama akaja na kile kibakuli cha nyama laini, imeshapoa, na sahani mbili ndogo, akaketi karibu nami kwenye ile meza ndefu iliyobaki na mifupa ya watu. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Akanigawia kidogo, naye akajiwekea kidogo, tukaanza.

Mama yangu ana meno machache. Huikata nyama kwa vidole, huihamisha upande mmoja wa mdomo, huitafuna kwa muda mrefu akitazama mbele. Nimekula chakula chake maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kuona jinsi anavyokula, maana yeye ndiye wa mwisho kuketi, na mimi nilikuwa nikimaliza na kuondoka kabla hajaketi. Sasa nilitafuna na yeye akatafuna. Nilimeza, akameza. Akatazama sahani yangu, akatazama yake, zilikuwa sawa.

"Nimezoea kula peke yangu," alisema.

Nilikuwa nimeshashiba. Nikakata kipande kingine, kidogo sana, nikakiweka mdomoni ili tumalize pamoja.